Tabibu wa Goti la Pembe

Katika mitaa ya Chaani, Magongo na Port Reitz, upande wa bara wa Mombasa, si ajabu kumwona mtu mzima akiteremka kwenye matatu kwa kutanguliza mguu mmoja, mkono ukiwa umeshikilia mlango, kisha akatua kidogo kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Wengi wa wazee wa mitaa hiyo walimaliza nguvu zao bandarini Kilindini, katika reli, au katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe ambacho kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Wengine ni walimu waliosimama mbele ya ubao, juu ya sakafu ya saruji, kwa miaka thelathini na ushei. Akili zao zingali timamu na nyoyo zao zingali na ari, lakini magoti yamekataa kutii amri.

Lugha yetu huyaita maradhi hayo baridi yabisi. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yamebeba ndani yake elimu ya kale ya utabibu iliyotoka kwa Wayunani ikapitia kwa Waarabu, elimu iliyozigawa hali za mwili katika joto na baridi, umajimaji na ukavu. Kiungo kilichokakamaa kilihesabiwa kuwa kimeingiwa na baridi na kukauka. Utabibu wa leo hauhukumu hivyo, lakini neno yabisi halikwenda mbali na ukweli. Katika aina ya maradhi haya inayowapata wazee wengi, gegedu, yaani ule utando mtelezi unaofunika ncha za mifupa, huchakaa na kupungua hadi mfupa ukasugua mfupa. Aina nyingine hutokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Na nyingine, iitwayo jongo, hutokana na chembechembe za asidi zinazojikusanya katika kiungo. Kila moja ina tiba yake, na ndiyo sababu haifai mtu kujipima kwa kumtazama jirani.

Kwa goti lililochakaa kabisa, tiba ya mwisho ni kuziondoa ncha zilizoharibika na kutia goti bandia. Siku hizi wagonjwa husikia na habari ya ziada: kwamba mtu aweza kupasuliwa asubuhi na kulala kitandani kwake usiku wa siku iyo hiyo. Wengine wamezipata habari hizo kwa jamaa zao walio Ulaya na Marekani, nao huuliza kama jambo hilo ni la kukimbilia au la kukimbiwa. Maoni yangu ni kwamba hatuwezi kulijibu swali hilo kwa haki bila kumjua mtu aliyelitia goti bandia la kwanza, kwani maisha yake yalikwisha kulijibu zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita. Mtu huyo aliitwa Themistocles Gluck.

Gluck alizaliwa tarehe 30 Novemba 1853 katika mji wa Iași, huko Moldavia, ambao leo umo nchini Romania. Jina lake la kwanza lilikuwa la Kiyunani, jina la jemadari mashuhuri wa Athens ya kale. Jina la ukoo lilikuwa la Kijerumani, nalo linakaribiana mno na neno lenye maana ya bahati katika lugha hiyo. Msomaji atajihukumia mwenyewe kama bahati ilimfuata au ilimkimbia. Baba yake alikuwa daktari, na kijana akafuata nyayo zake. Mwaka 1873 alianza masomo ya udaktari huko Leipzig, kisha akahamia Berlin.

Berlin ya siku zile ilikuwa kama Makka ya utabibu. Rudolf Virchow alikuwa akiwafundisha wanafunzi kuyatafuta maradhi katika chembe hai za mwili, na Bernhard von Langenbeck alikuwa bingwa wa upasuaji ambaye madaktari wa nchi nyingi walitamani kusimama kando yake. Gluck alipata kujifunza kwa wote wawili. Kwa Virchow alijifunza kuuliza maswali, na kwa Langenbeck alijifunza kushika kisu. Mambo hayo mawili yakikutana katika kichwa kimoja, huzaa mtu asiyetulia.

Na Gluck hakutulia. Mpasuaji wa zama zile alisifiwa kwa kuondoa: aliondoa uvimbe, aliondoa mfupa uliooza, aliukata mguu kwa wepesi kabla mgonjwa hajapoteza damu nyingi. Gluck aliuliza swali lililokuwa kinyume cha hayo. Je, mpasuaji hawezi kurudisha? Akaanza kuwafanyia wanyama majaribio. Alizishona neva zilizokatika ili aone kama zitaunga. Alijaribu kuziba mapengo ya kano kwa nyuzi. Mwaka 1881 alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuwatoa wanyama pafu moja na kuwaacha wakiwa hai. Fikira yake ilikuwa moja: kwamba mahali palipopotea sehemu ya mwili, kitu kingine chaweza kutiwa, na mwili ukakikubali kama mwenyeji anavyomkubali mgeni mwenye adabu.

Ni vyema tukumbuke kwamba ujasiri huo usingewezekana miaka hamsini kabla yake. Kabla ya katikati ya karne ya 19 mgonjwa alipasuliwa akiwa macho. Dawa za kulaza zilipoanza kutumika katika miaka ya 1840, mpasuaji alipata muda. Sisi Waswahili tuna neno nusukaputi kwa usingizi huo wa dawa, neno ambalo wengi hulinasibisha, katika nusu yake ya pili, na Kijerumani. Kisha mwaka 1867 Joseph Lister wa Uingereza akaonyesha kwamba jeraha lililosafishwa kwa dawa ya kuua viini halinuki usaha kama lile lililoachwa. Pasipo mambo hayo mawili, usingizi na usafi, hakuna aliyethubutu kulifunua goti la mtu na kutia kitu kigeni ndani yake.

Mwaka 1882 Langenbeck alistaafu, na kiti chake kikakaliwa na Ernst von Bergmann. Bergmann hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mmoja wa waliouongoza upasuaji wa Ujerumani kutoka katika kuua viini kwa dawa hadi katika kuvizuia visifike kabisa, kwa kuvipitisha vyombo na vitambaa katika mvuke wa moto. Chumba cha upasuaji kinachonukia usafi hadi leo kina deni kwake. Gluck akawa chini ya bwana huyo, na hapo ndipo njia ya maisha yake ilipoanza kupinda.

Maradhi yaliyojaza wodi za Berlin wakati huo hayakuwa uchakavu wa uzee bali kifua kikuu, ambacho hakikai kifuani tu. Huingia pia katika mifupa na viungo, hasa vya watoto na vijana, kikalitafuna goti hadi likajaa usaha. Tiba ilikuwa kulichimba goti na kuliacha liungane na kuwa mguu mkavu usiokunjika, au kuukata mguu wote. Gluck aliwatazama vijana hao akaona kwamba hapo ndipo mahali pa kuijaribu fikira yake.

Kwanza alitafuta kitu cha kutia. Alijaribu vitu mbalimbali, vikiwemo madini, mbao na kioo, na mwishowe akachagua pembe za ndovu. Pembe ni ngumu lakini huchongeka. Haishiki kutu, na alikuwa amekwisha kuona kwamba mwili huivumilia. Isitoshe, Ulaya ya wakati huo ilikuwa imefurika pembe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Unguja ilikuwa mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya pembe duniani. Misafara ya Wanyamwezi ilizishusha Bagamoyo, na Wakamba walizileta hadi Mombasa. Kutoka pwani hii zilivuka bahari zikafanywa vitufe vya michezo, vishikio vya visu na vibao vya piano. Ulaya ilizifanya pumbao, ilhali Gluck alitaka kuzifanya tiba.

Tarehe 20 Mei 1890 Gluck alimpasua msichana wa miaka 17 ambaye goti lake lilikuwa limeharibiwa na kifua kikuu. Aliondoa ncha ya fupa la paja na ncha ya muundi, kisha akatia bawaba iliyochongwa kwa pembe, yenye vijiti viwili: kimoja kikaingia katika uwazi wa mfupa wa juu na kingine katika uwazi wa mfupa wa chini. Ili kuvishikiza, alibuni gundi ya plasta, utomvu wa msonobari na unga wa jiwe la volkano. Jeraha likafungwa. Siku zilipopita, msichana akaweza kulikunja na kulikunjua goti lake bila maumivu. Hilo ndilo lililokuwa goti bandia kamili la kwanza kupata kutiwa katika mwili wa binadamu. Baada ya wiki chache alikitia na kifundo cha mkono, na viungo vingine vikafuata.

Kwa muda ilionekana kana kwamba jina la ukoo limetimia. Gluck aliwaonyesha wagonjwa wake mbele ya madaktari wenzake wa Berlin, na waliotazama walistaajabu. Lakini wahenga walitutahadharisha kwamba mwenye kovu tusidhani kapoa. Chini ya ngozi iliyofunga vizuri, viini vya kifua kikuu vilikuwa vingali hai. Pembe haikuwa na kosa, bawaba haikuvunjika, gundi haikulegea kwa haraka. Maradhi yale yale yaliyolila goti la kuzaliwa nalo yaliendelea kuishi kandokando ya goti la kutengenezwa. Katika baadhi ya wagonjwa usaha ulijitafutia njia ukatoka nje, na viungo vikalazimika kuondolewa.

Mwaka huo wa 1890 ulikuwa mwaka wa mambo makubwa mjini Berlin. Tarehe 1 Julai Wajerumani na Waingereza walitia sahihi pale mkataba uliogawa maeneo yao ya Afrika ya Mashariki na kuifanya Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, pasipo wenyeji wake kuulizwa. Mwezi uliofuata, Agosti, Berlin ikawa mwenyeji wa Mkutano wa 10 wa Kimataifa wa Utabibu, uliokusanya maelfu ya madaktari. Gluck alikusudia kuieleza dunia habari za viungo vyake. Inasimuliwa kwamba Bergmann alimkataza. Alimfahamisha kwamba, akiwa kiongozi wa wapasuaji wa Ujerumani, hangekubali sayansi ya nchi yake iaibishwe mbele ya wageni, na kwamba yeye na wanafunzi wake wangempinga kwa kila njia.

Hapa msomaji atakuwa mwepesi wa kumfanya Bergmann kuwa dhalimu na Gluck kuwa shahidi. Jambo lenyewe halikuwa jepesi hivyo. Hofu ya Bergmann ilikuwa ya haki: yeye alivijua viini kuliko wengi, na alijua kwamba kutia kitu kigeni mahali palipojaa maradhi ni kuyajengea maradhi nyumba. Gluck mwenyewe alikuja kuungama kwamba kiungo chenye maambukizo hakifai kutiwa kitu kigeni. Kosa la Bergmann halikuwa katika hukumu bali katika njia. Badala ya kumwacha mwanafunzi asimame, aeleze, aulizwe na asahihishwe hadharani, alimfunga kinywa. Matokeo yake ni kwamba dunia haikuyasikia ipasavyo mafanikio ya Gluck wala sababu za kushindwa kwake, na sababu za kushindwa zilikuwa na thamani kubwa kuliko mafanikio.

Kinaya cha historia kikatokea katika mkutano huo huo. Robert Koch, mtu aliyekigundua kiini cha kifua kikuu mwaka 1882, alisimama akatangaza kwamba amepata kitu kinachozuia viini hivyo visikue. Dunia ilishangilia, na wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa hiyo, iliyoitwa tuberkulini, haikuponya. Leo hutumika kupimia maambukizo tu. Kwa hiyo jukwaa lilelile lililomnyima Gluck nafasi lilimpa nafasi Koch, na wote wawili walikuwa wamewahi mno mbele ya wakati wao. Cheo cha msemaji hakikuwa kipimo cha ukweli wa neno lake. Wanafunzi na walimu wao wanaweza kulitafakari hilo kwa faida.

Mwaka 1891 Gluck alichapisha ripoti ndefu ya majaribio yake, kisha kazi ya viungo vya pembe ikafifia. Hata hivyo maisha yake hayakuishia katika uchungu. Tangu mwaka 1890 alikuwa mpasuaji mkuu wa hospitali mpya ya watoto mjini Berlin iliyoitwa kwa jina la Kaizari Friedrich na mkewe. Kaizari huyo alifariki mwaka 1888 kwa saratani ya koo baada ya kutawala kwa siku 99, na Bergmann alikuwa mmoja wa madaktari waliohusika na tiba yake. Ajabu ni kwamba Gluck, baada ya kufungiwa mlango wa viungo, aligeukia koo. Pamoja na mwenzake Johannes Soerensen aliiboresha njia ya kuondoa zoloto lenye saratani, kwa kuitenganisha njia ya pumzi na njia ya chakula ili mgonjwa asife kwa uchafu kuingia mapafuni. Katika fani hiyo jina lake liliheshimiwa wakati wa uhai wake. Alifariki mjini Berlin tarehe 25 Aprili 1942, akiwa na umri wa miaka 88, katikati ya vita vya pili vya dunia, na magoti yake ya pembe yalikuwa yamesahauliwa.

Yaliyobaki ya kisa hiki yalikamilishwa na wengine. Ilibidi zipatikane kwanza dawa za kuua viini ndani ya mwili. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na streptomaisini, dawa ya kwanza iliyokitiisha kifua kikuu, ikapatikana katika miaka ya 1940. Kisha akatokea John Charnley, mpasuaji wa Kiingereza wa hospitali ya Wrightington, ambaye alikuwa na sifa ile ile ya kutotulia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza nyonga bandia kwa plastiki iitwayo Tefloni. Ilipochakaa ndani ya miaka michache, ikabidi mamia ya wagonjwa wapasuliwe tena. Charnley hakuficha. Aliwafuatilia wagonjwa wake, akabadilisha plastiki, na mwaka 1962 akatumia polithini ngumu iliyodumu. Alitumia saruji maalumu iliyokwisha kuzoeleka kwa madaktari wa meno, mjukuu wa ile gundi ya Gluck kwa namna fulani, na akajenga chumba chenye hewa safi ili viini visianguke juu ya jeraha. Bergmann na Gluck, waliotengana Berlin, walipatanishwa katika chumba hicho, kwani mmoja alileta usafi na mwingine akaleta kiungo.

Goti lilikuja nyuma ya nyonga kwa sababu ni gumu zaidi. Nyonga ni tufe ndani ya kikombe, ilhali goti hukunjika, huteleza na kujizungusha kidogo kwa wakati mmoja, na bawaba kama ya mlango haliwezi. Mwaka 1968 Frank Gunston wa Kanada, aliyekuwa akifanya kazi huko huko Wrightington, alitia goti lililojaribu kuufuata mwendo wa asili. Katikati ya miaka ya 1970 John Insall na wenzake wa New York wakatengeneza aina iliyofunika ncha zote za mfupa, na magoti mengi ya leo ni uzao wa hilo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban magoti 82 katika kila 100 hudumu kwa miaka 25. Msichana wa Gluck hangeota jambo kama hilo.

Na siku moja je? Wepesi huo haukutoka katika kisu chenye kasi. Tangu miaka ya 1990 Henrik Kehlet wa Denmark na wenzake walianza kuuliza, kwa kila siku ambayo mgonjwa hubaki hospitalini, ni kitu gani hasa kinachomzuia kurudi nyumbani. Waligundua kwamba mara nyingi huzuiwa na maumivu, kichefuchefu, kizunguzungu, hofu, au desturi tu. Wakavishughulikia kimoja baada ya kingine. Mgonjwa huandaliwa wiki kadhaa kabla, hufundishwa mazoezi na matumizi ya magongo, hutiwa ganzi ya uti wa mgongo badala ya usingizi mzito, hupewa dawa za kupunguza damu inayopotea, hutiwa ganzi kandokando ya goti, na husimamishwa saa chache tu baada ya upasuaji. Siku zikapungua kutoka wiki mbili hadi siku chache, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi siku moja. Mwaka 2018 mpango wa bima ya wazee wa Marekani uliliondoa goti katika orodha ya upasuaji ambao ulilazimu mgonjwa kulazwa.

Neno la kushika hapo ni baadhi. Madaktari wanaofanya kazi hiyo vizuri hawamrudishi kila mtu nyumbani jioni. Huwachuja. Mwenye moyo dhaifu, mwenye kisukari kisichotulia, mwenye uzito mkubwa mno, anayepumua kwa shida usingizini, au asiyekuwa na mtu wa kumwangalia usiku, hulazwa. Na mwenye jipu, jino bovu au kidonda mahali popote mwilini huahirishwa kabisa hadi apone, kwa sababu viini husafiri katika damu. Hilo ndilo jibu ambalo Gluck alilipata kwa gharama kubwa mwaka 1890. Kufaulu kwa goti hutegemea mwili na mahali linapopokewa kuliko linavyotegemea ustadi wa kulitia.

Tukirudi Chaani, basi, mpokeaji wa goti si mwili peke yake. Nyumba nayo hulipokea. Mgonjwa wa Denmark hurudi katika nyumba yenye choo cha kukalia, na muuguzi yuko umbali wa simu. Huku kwetu wengi hukaa katika nyumba za Kiswahili ambamo choo ni cha kuchutama na ni cha wapangaji wote, uani, penye sakafu ya kuteleza. Wengine wako katika ghorofa ya tatu isiyokuwa na lifti. Goti bandia la kawaida hukunjika hadi digrii 110 au 120 hivi, na kuchutama kwahitaji zaidi ya hapo. Mwenye kuswali afahamu mapema kwamba huenda akahitaji kiti badala ya kusujudu chini, na dini yake imempa ruhusa hiyo. Damu ikivuja saa nane za usiku, au mguu ukavimba kwa damu iliyoganda mshipani, kutoka Chaani hadi hospitali kuu ya rufaa kisiwani ni safari ya kuvuka Makupa katikati ya malori ya bandari. Haya si mambo madogo ya kuachiwa ndugu wayafikirie baada ya kisu.

Mimi siupingi upasuaji wa siku moja. Kwa mtu mwenye afya nyingine nzuri, mwenye kitanda cha chini, choo cha kukalia, mtoto au mke wa kumshika mkono usiku wa kwanza, usafiri ulio tayari na nambari ya simu ya daktari anayepokea, kulala nyumbani kunaweza kuwa bora kuliko kulala wodini. Kwa yule asiyekuwa na hayo, siku mbili au tatu za kulazwa si dalili ya utabibu wa kizamani. Ni sehemu ya tiba. Aulize pia ni nani atakayemfanyisha mazoezi wiki zinazofuata, na kama bima yake, ikiwa ni ile ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 au nyingine, italipia mazoezi hayo pamoja na kisu. Goti lisilozoezwa hukakamaa, na fedha zote huwa zimetumiwa kununulia ukavu ule ule.

Aidha, kuna wengi ambao hawajafika penye kisu. Kila kilo moja anayoipunguza mtu mzito hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua, na misuli ya paja iliyozoezwa hubeba sehemu ya kazi ya gegedu. Mwalimu anayeanza kusikia maumivu akiwa na miaka 45 angefanya vyema kuanza hapo, na akaomba kiti darasani bila ya kuona haya. Hata upasuaji uliofaulu hauondoi kila kitu: takriban mtu mmoja katika kila watano hubaki bila kuridhika kabisa na goti lake jipya. Anayeahidiwa goti la ujanani amuulize mwenye kuahidi juu ya huyo wa tano.

Gluck alikuwa na mkono hodari, fikira iliyotangulia wakati, na pembe iliyochongwa kwa ustadi. Alichokikosa ni mgonjwa aliye tayari kupokea alichompa. Sisi leo tuna bahati ambayo jina lake lilimwahidi asiipate: tunayajua yaliyomshinda. Mzee wa Chaani anayeombwa kutia sahihi karatasi ya upasuaji ana haki ya kuuliza, kabla ya kuuliza atarudi nyumbani saa ngapi, kama mwili wake na nyumba yake vimekwisha kuandaliwa. Daktari aliye mwaminifu hatalichukia swali hilo, kwa kuwa nusu ya kazi yake imo ndani yake.